Bi Kimebaki na Fungu la Chini ya Meza

Wasikilizaji wapendwa, habari za jioni. Kama una sufuria motoni, punguza moto. Kama uko na watu sebuleni, waombe wanyamaze kidogo. Leo tunamkumbuka mtu ambaye hakuwahi kukanyaga studio hii, wala hakuwahi kupiga simu kuomba wimbo. Tunamkumbuka Bi Kimebaki.

Narudia, kwa aliyefungua redio sasa hivi. Bi Kimebaki. Mpishi mstaafu wa shule ya bweni. Mwanzilishi wa stoo ya chakula cha bure, ile iliyokuwa kwenye kibanda cha zamani cha kinyozi, nyuma ya soko. Amefariki wiki iliyopita. Ameacha mume, fundi wa makochi, na binti mmoja, mwalimu wa chekechea. Na ameacha foleni ya watu wenye mifuko mitupu, ambayo mpaka sasa ninavyozungumza nanyi haijui ielekee wapi.

Nilikwenda kukaa na mumewe. Mtaa mzima unamwita Fundi, na hata mkewe alimwita Fundi. Nilimkuta karakanani kwake, amekaa juu ya kochi lililovuliwa kitambaa, springi zimetokeza kila upande. Nikamwambia, mzee wangu, utajichoma. Akanijibu, "Niache, mwanangu. Nikikaa pazuri nasinzia, na nikisinzia naota yupo." Basi haya ninayowasimulia ni ya Fundi, kama alivyoyaona yeye kwa macho yake. Mimi hapa ni mdomo tu.

Twende taratibu. Jina hilo, Kimebaki, lilitoka wapi?

Lilitoka jikoni, kwenye ile shule ya bweni. Mama huyu ndiye aliyekuwa akipakua. Mnayajua masufuria ya shule, ukiinama kukwangua chini nusu ya mwili wako inazama. Na kanuni ya jiko ilikuwa moja. Chakula kikiisha unasema "kimekwisha", unafunga dirisha, unakwenda kuosha vyombo. Siku moja akaja mwanafunzi mdogo wa kike, amechelewa, mwalimu alikuwa amemtuma mahali. Akasogeza sahani yake dirishani. Mpishi akamwambia, "Kimekwisha, mwanangu." Mtoto akasema, "Asante, mama." Akaichukua sahani yake, akaenda nayo bombani, akaiosha, akaifuta kwa upindo wa sketi, akairudisha mahali pake.

Wasikilizaji, sahani ile haikuwa imetiwa kitu. Narudia. Mtoto aliosha sahani ambayo haikutiwa kitu.

Siku hiyo mpishi alirudi nyumbani amenuna. Fundi akadhani wamegombana na bosi wake, maana huyo bosi naye alikuwa na mdomo. Akamwuliza, akamtania. Mwishowe ndiyo akasema, "Fundi, afadhali angenitukana." Na akaapa kwamba neno "kimekwisha" halitatoka tena kinywani mwake. Kuanzia kesho yake, kabla hajampakulia mtu wa kwanza, alimtengea kwanza mtu wa mwisho. Fungu moja, chini ya meza, limefunikwa. Anayechelewa akija anahema, anaambiwa, "Njoo, kimebaki chako." Sikilizeni hilo neno. Chako. Hakusema yamebaki makombo. Hakusema ngoja nikuangalizie. Kimebaki chako. Wanafunzi wakamwita Bi Kimebaki, na jina likamganda mpaka kaburini.

Alipostaafu, wenzake walidhani atapumzika. Apumzike wapi! Mwanamke ambaye hata akiumwa mguu alipika amekaa. Nyuma ya soko kulikuwa na kinyozi mzee, mikono imeanza kutetemeka, na mnajua wembe na mkono unaotetemeka havipati wateja. Kinyozi akafunga kazi, akampa Bi Kimebaki chumba kile kama kilivyo. Kile kiti kizito cha kunyolea kilikuwa kimefungwa sakafuni kwa nati. Vioo vilikuwa ukutani, huku na huku, kuanzia mlangoni mpaka mwisho.

Kitu cha kwanza alichofanya, hata kabla ya kufagia, ni kwenda nyumbani kuchukua mashuka, akayatundika juu ya vioo. Mashuka ya maua! Fundi alilalamika. "Mama, hayo si ndiyo mashuka yetu ya wageni?" Akajibiwa, "Hawa nao ni wageni. Na mtu aliyekuja kuomba chakula hana haja ya kujitazama akiomba." Fundi akafyata mkia. Siku ya pili akaja na kitambaa chekundu kilichobaki kwenye kochi la mteja, akakivalisha kile kiti cha kinyozi. Kikawa kiti cha wazee kusubiria. Kuna babu mmoja kila akikikalia alisema, "Kinyozi, nipunguzie pembeni tu, juu uniachie." Alisema hivyo kila mara, na foleni ilicheka kila mara.

Chakula kilitoka wapi? Kilitoka kwa watu kama wewe na mimi. Maduka yalitoa makopo yaliyobonyea, wauza mboga walitoa nyanya zilizolegea. Ng'ambo ya barabara kuna mwoka mikate, dada mmoja wanamwita Dada Mkate. Yeye alileta mkate wa jana, na asubuhi akishatoa mikate tanurini alivuka kuja kusaidia kugawa. Unga, mchele, maharage, chumvi, mafuta kwenye chupa za maji. Haba na haba, kibaba kikajaa.

Na stoo ile ilikuwa na sheria moja. Naomba muishike hii, maana tutairudia. Sheria ilikuwa: hatuulizi. Hatuulizi jina. Hatuulizi unakaa wapi. Hatuulizi kazi imekwendaje, wala mume yuko wapi, wala kwa nini umevaa viatu vizuri na unaomba unga. Unaulizwa kitu kimoja tu, nyumbani mko vinywa vingapi. Ukijibu, unapewa. Bi Kimebaki alikuwa anasema, "Njaa peke yake inatosha kumvua mtu nguo. Sisi tusimalizie."

Kulikuwa na bwana mmoja mwenye tai, ambaye kila alipokuja alisema, "Mimi nimetumwa. Ni cha jirani yangu." Hakuna aliyemcheka. Bi Kimebaki alimjazia mfuko akamwambia, "Msalimie jirani yako. Mwambie leo ana bahati, kuna maharage." Yule bwana naye alirudi na salamu. "Jirani anasema yalikuwa matamu." Wakaendelea hivyo miaka, na jirani huyo hajawahi kuonekana mpaka leo.

Wasikilizaji wapendwa, mambo yalianza kuharibika polepole. Bei zilipanda. Duka lililokuwa likitoa kuliko wote likafungwa. Unga ukawa wa kupimwa kwa kikombe, halafu kwa nusu kikombe. Fundi anasema kilichomvunja nguvu mkewe hakikuwa rafu tupu. Kilikuwa ni kumwona mama muuza mboga, yule yule aliyekuwa akileta nyanya, amesimama kwenye foleni na kikapu, anatazama ukuta. Aliyekuwa analeta amekuja kuchukua. Bi Kimebaki akampa, hakuuliza. Alipofika nyumbani akavua viatu, akakaa navyo mkononi, akasema, "Fundi, wanaotoa wanahamia upande wa wanaopokea. Mimi nitamega wapi?"

Mtu anaweza kubadilisha springi, anaweza kubadilisha sponji. Hilo Fundi hakujua lifunguliwe wapi.

Hata hivyo fungu la chini ya meza halikukosekana. Hata siku moja. Rafu zilikuwa nyeupe, hazina kitu, lakini aliyechelewa akija anahema, Bi Kimebaki aliinama, akainuka na mfuko, akasema, "Njoo, kimebaki chako." Dada Mkate alishangaa lakini hakuuliza. Alidhani kuna msamaria anayeleta kwa siri.

Sasa niwaambie jambo jingine. Bi Kimebaki alikuwa na ugonjwa wa sukari. Kila asubuhi alijichoma sindano, na daktari alishamwonya mbele ya mumewe, ukichoma sindano lazima ule. Sindano na tumbo tupu haviendani. Narudia kwa faida ya wenye ugonjwa huo. Ukichoma, kula.

Na yeye alipika kila asubuhi. Fundi ameliona hilo kwa macho yake. Alipika, akampakulia mume, akaweka sehemu yake kwenye mfuko, akaufunga vizuri. "Mama, huli?" "Nakula kazini, na wenzangu. Mimi na wewe tukila pamoja unanimalizia mchuzi." Fundi akacheka. Nani asingecheka? Na alipofika kazini, Dada Mkate akimkatia kipande cha mkate, alisema, "Ah, mwanangu, nimetoka kula na mzee wangu. Tumbo hili limejaa." Jioni akirudi alisema amechoka, ameshashiba vya kazini, akanywa chai kidogo, akalala.

Kila asubuhi Fundi akielekea karakanani alipita mbele ya tanuri. "Habari za asubuhi, baba?" "Nzuri, mwanangu, mkate unaendaje?" "Unaumuka, baba." Basi. Kila siku hivyo. Watu wawili waliompenda mtu mmoja, wanasalimiana barabarani, na jibu lote liko katikati yao. Lakini walishazoea. Hatuulizi.

Siku aliyoanguka, stoo ilikuwa wazi na jua limeshapanda. Mtu wa mwisho alikuwa amefika. Bi Kimebaki aliinama chini ya meza kama kawaida, lakini safari hii hakuinuka. Dada Mkate alipozunguka meza alimkuta kwenye sakafu, kando ya kiti chekundu, jasho linamtiririka, ameushikilia ule mfuko kwa mikono miwili. Ilibidi wamfumbue vidole kimoja kimoja.

Hospitalini, Fundi alifika na nyundo bado iko mfukoni. Muuguzi akauliza, "Mgonjwa amekula saa ngapi leo?"

Fundi akasema, "Huyu hula kazini. Anakula na wenzake."

Dada Mkate alikuwa amesimama pale na aproni yenye unga. Akasema, "Hapana, baba. Sisi anatuambia amekula nyumbani."

Wakatazamana.

Wasikilizaji, Fundi alipofika hapa niliizima mashine yangu ya kurekodia. Akasema, "Mwanangu, nilikuwa nimeushika ule mfuko. Dada Mkate alikuwa amekuja nao, alidhani ni wa mgonjwa. Nikaufungua. Ni wali wa kwangu. Wali niliokula asubuhi ile, sufuria hiyo hiyo. Fungu la chini ya meza lilikuwa sahani ya mke wangu."

Wahenga walisema mganga hajigangi. Walisema kweli, lakini hawakutuambia sisi wengine tufanye nini tunapomtazama.

Alizinduka, akaishi siku mbili tatu hivi. Binti yao alileta uji kwenye chupa ya chai, na Fundi akawa anamlisha kwa kijiko. Baada ya vijiko vichache akageuza uso. "Na wewe? Umekula?"

Fundi akasema, "Nimekula."

Uongo. Hakuwa ametia kitu kinywani tangu juzi yake. Mkewe akamtazama, akacheka kwa upande mmoja wa mdomo. "Fundi, huo mchezo niliuanza mimi. Usiniibie." Halafu akauliza lililokuwa moyoni mwake. "Fungu leo kaweka nani?"

Stoo ilikuwa imefungwa. Hakuna aliyeweka kitu. Fundi akasema, "Dada Mkate kaweka."

"La watu wangapi?"

"La kutosha."

Akaridhika. Akafumba macho. Daktari alikuja, akaeleza kwa upole kwamba mwili huu umejikopa wenyewe muda mrefu, na moyo hauna tena pa kukopa. Asubuhi iliyofuata Bi Kimebaki akafariki, mkono wake uko mkononi mwa mumewe. Mkono wa fundi, unaoweza kunyoosha chuma, na haukuweza kumvutia pumzi moja zaidi.

Ningeweza kuishia hapo, tukaweka wimbo wa taratibu. Lakini Fundi aliniomba nisiishie hapo.

Walipomaliza kumzika, siku ya kuifungua tena stoo ikafika. Fundi akasema atakwenda kufungua, maana wapo ambao hawajui, watakuja. Binti yake akamfungia chakula cha mchana kwenye bakuli, akakifunga na kitambaa, akasimama mlangoni akamziba njia. "Baba, hiki ni chako. Nimemzika mzazi mmoja kwa sababu ya fungu. Niapie kwamba utakila mwenyewe." Fundi akaapa. Mtoto wake alikuwa analia. Angefanyaje?

Akafungua. Watu walikuja, na hawakuja na kelele. Yule babu alikalia kiti chekundu na hakusema lolote kuhusu pembeni. Yule bwana mwenye tai alisema, "Jirani yangu anawapa pole sana," na akashindwa kumaliza. Dada Mkate alileta mkate, akagawa huku anafuta pua kwa mkono wa gauni, kisha akarudi kwenye tanuri lake. Kilichokuwepo kikagawanywa. Kikaisha.

Fundi alikuwa anafagia alipofika mwanamke mmoja, anahema, anakunjua gunia tupu la mchele lililokunjwa mara nne. "Shikamoo, baba. Nimechelewa, nilikuwa nafua kwa watu."

Fundi akainama chini ya meza. Hakufikiri, mwili tu ulikumbuka. Palikuwa na sakafu, na punje moja ya harage. Nani angeweka? Mwenye kuweka yuko chini ya udongo. Akainuka. Juu ya meza lilikuwepo bakuli lake, kitambaa kimefungwa fundo la binti yake. Akalitazama bakuli, akamtazama yule mama, akakikumbuka kile kiapo. Na akalisema lile neno, mle ndani, mbele ya mashuka yale ya maua. "Kimekwisha, mwanangu."

"Haya, baba. Asante. Na poleni na msiba."

Akalikunja tena gunia lake mara nne. Akalilaza mezani, akalinyoosha kwa kiganja mpaka makunyanzi yakaisha. Akalitia kwapani, akaondoka.

Gunia ambalo halikutiwa kitu. Wasikilizaji, mnaikumbuka ile sahani.

Fundi aliikumbuka pia, akiwa amesimama na ufagio. Akautupa. Akalinyakua bakuli, akatoka mbio. Angekula nusu, ampe nusu, kiapo kingevunjika nusu tu! Akafika sokoni. Wanawake wenye magunia walikuwa wengi. Akamuuliza mama muuza mboga, "Umemwona mama mmoja amepita hapa?" "Mama yupi, baba? Anaitwa nani?" Hajui. "Anakaa upande gani?" Hajui. Hakuna aliyewahi kumuuliza. Hatuulizi. Sheria iliyowafunika watu aibu ndiyo iliyomficha yule mama asipatikane. Fundi alizunguka soko zima na bakuli mikononi, watu wakampisha wakidhani amechanganyikiwa kwa msiba.

Akarudi. Akakaa kwenye kiti chekundu. Akafungua kitambaa, akala, mpaka mwisho, kwa sababu alikuwa ameapa. Akaniambia, "Na unajua kilichoniumiza, mwanangu? Kilikuwa kitamu. Binti anapika kama mama yake."

Halafu akaniuliza, "Wewe ungefanyaje?" Nilikuwa nimeshika kipaza sauti, kazi yangu ni kusema. Swali hilo nawaletea ninyi.

Kwa Fundi, kwa binti yake, kwa Dada Mkate, kwa babu wa kiti chekundu na kwa bwana mwenye tai na jirani yake, poleni sana. Kituo hiki kinalia nanyi. Mungu ampumzishe Bi Kimebaki mahali ambapo hakuna dirisha la kufunga. Na wewe mama wa gunia, kama unatusikia kwenye redio ya mtu, kuna mzee anakutafuta.

Sitawaambia kutoa ni moyo. Mnalijua hilo tangu shule. Stoo zipo, karibu na kwako ipo moja, na rafu zake ni nyeupe. Nenda kaone kwa macho yako. Ila kuna jambo moja nakuomba ulifanye leo, kabla hujazima redio. Mtazame anayekupakulia hapo nyumbani. Muulize, wewe umekula? Akikujibu amekula, usimwamini upesi. Mvutie kiti, mpakulie, kaa naye mpaka amalize.